Kupunga Upepo Ukingoni mwa Mto: Ni Haki ya Nani?

Yako mambo ambayo watu huyadharau kwa kuwa yaonekana madogo, na lau wangeyatazama kwa makini wangeona kuwa ndani yake mna masuala makubwa ya haki na dhulma. Miongoni mwa mambo hayo ni hili la mtu kutoka nyumbani kwake siku ya mapumziko, yeye na watu wake, akenda ukingoni mwa mto au ufukoni, akakaa chini ya mti, akala alichokichukua, akayatazama maji, kisha akarudi kwake. Sisi watu wa pwani twaliita jambo hili kupunga upepo, na likiwa na chakula na mkusanyiko wa jamaa twaliita mandari. Wengi wetu hulihesabu kuwa ni jambo la kupitisha wakati tu, lisilostahili kuandikiwa hata mstari mmoja.

Nasi twauliza: mahali hapo pa kukaa ni pa nani? Ni nani aliyempa mtu ruhusa ya kukaa hapo, na ni nani awezaye kumnyima? Je, ni haki ya kila mtu, hata asiye na senti mfukoni, au ni starehe ya kununuliwa kama zinunuliwavyo starehe nyingine? Na ikiwa ni haki ya wote, hao wote wana wajibu gani? Ili maneno yetu yasiwe ya hewani, tumechagua mfano mmoja wa kweli, nao ni bustani ya jimbo iliyoko kandokando ya mto Niagara, katika jimbo la New York huko Marekani. Tumeuchagua kwa sababu masuala haya yalijadiliwa huko waziwazi, yakatiwa katika sheria, yakalipiwa fedha. Kwa hivyo twaweza kuyapima kwa matendo, si kwa maneno matupu.

Kwanza yatupasa kueleza maana ya bustani ya jimbo. Si bustani ya maua kama ile iliyo mbele ya nyumba ya tajiri. Ni kipande cha nchi, chaweza kuwa msitu, au mlima, au ukingo wa mto, ambacho serikali ya jimbo imekitwaa na kukiweka kwa ajili ya watu wote, wapate kutembea, kuvua samaki, kupiga hema, au kukaa kitako na kupumzika. Marekani ina majimbo 50, na kila moja lina bustani za namna hii. Ile ya Niagara huhesabiwa kuwa ndiyo kongwe yao.

Mto Niagara si mrefu. Urefu wake ni kiasi cha kilomita 58 tu. Lakini hubeba maji ya maziwa makubwa manne kutoka ziwa Erie mpaka ziwa Ontario, na njiani huporomoka kutoka kimo cha zaidi ya mita 50 kwa kishindo kinachosikika mbali. Ng'ambo moja ni Marekani na ng'ambo ya pili ni Kanada. Maporomoko hayo yamewavuta watu kutoka kila upande wa dunia kwa zaidi ya miaka mia mbili, na pale watu wanapokusanyika hapakosi mwenye kutafuta njia ya kuwatoza.

Ndivyo ilivyokuwa. Katika karne ya 19 ardhi ya ukingo upande wa Marekani iliuzwa kwa watu binafsi. Wakajenga vinu na viwanda vya kuendeshwa kwa nguvu za maji, wakajenga maduka na nyumba za wageni, na pale palipokuwa na mahali pazuri pa kutazama wakaweka ua. Ikafika hadi, mnamo miaka ya 1860, hapakuwa na mahali upande ule ambapo mtu aliweza kuyaona maporomoko bila ya kulipa. Hebu fikirini, ndugu zetu! Maji hakuyaumba mtu, wala mwamba hakuujenga mtu, wala kishindo kile hakukitia mtu. Mwenye ua hakuongeza kitu chochote juu ya uzuri ule. Alichokifanya ni kuuziba kwanza, kisha akauza tundu la kuchungulia.

Mwaka 1869 walikutana huko watu kadhaa ambao jambo hilo liliwaudhi, na mkubwa wao katika fikra alikuwa Frederick Law Olmsted, msanifu wa bustani aliyeshirikiana na Calvert Vaux kuichora bustani kubwa ya katikati ya jiji la New York. Bwana huyu alikwisha kuandika, mwaka 1865, juu ya bonde la Yosemite lililoko California, hoja ambayo kwa maoni yetu haijapitwa na wakati. Maana yake ni hii: matajiri wa kila nchi hujitwalia mahali pazuri pa kupumzikia, kwa sababu wana uwezo wa kununua, na ikiwa serikali haitaingia kati, basi raia wengi, ambao ndio wachokao zaidi, watabaki bila ya mahali. Kwa hivyo, alisema, kuwawekea watu mahali hapo si hisani ya serikali bali ni wajibu wake.

Mapambano yalichukua miaka mingi. Mwaka 1880 ilitolewa ripoti iliyoandaliwa na Olmsted na James Gardner kwa amri ya baraza la kutunga sheria la New York. Gavana wa wakati huo, Alonzo Cornell, hakuliafiki jambo hilo. Aliyemfuata, Grover Cleveland, ndiye aliyeitia sahihi sheria mwaka 1883. Ardhi ikathaminiwa, wenyewe wakalipwa jumla ya dola 1,433,000 na ushei, na tarehe 15 Julai 1885 ua zikaondolewa na njia ikafunguliwa kwa kila mtu bila ya malipo. Kisha majengo mengi yaliyoziba ukingo yakabomolewa, na miti ikaachwa imee.

Hapa ndipo penye suala la kwanza. Wapinzani walisema: kwa nini mkulima wa mbali, ambaye huenda asifike Niagara maisha yake yote, alipishwe kodi ili wengine wapate kutazama maji? Je, huku si kumnyang'anya mtu mali yake kwa ajili ya starehe ya mwenziwe? Hoja hii si ya kudharauliwa, na mpaka leo watu huisema kila serikali inapotenga fedha kwa ajili ya mahali pa mapumziko. Yafaa ijibiwe kwa insafu.

Twasema hivi. Vitu vya dunia ni namna mbili. Viko ambavyo mmoja akivitumia mwenziwe hukosa, kama mkate na nguo. Katika hivi bei ina maana, kwani ndiyo inayogawa kichache baina ya wengi. Na viko ambavyo mtu akivitumia havimpungukii mwingine. Atazamaye maji yakiporomoka hakutwaa hata tone moja. Ajaye baada yake atayakuta kama yalivyokuwa. Kumtoza mtu kwa kitu cha namna hii, hali wewe hukukifanya wala hukukitunza, si biashara bali ni kumkalia njiani. Mafakihi wetu walilitambua jambo hili tangu zamani. Ukingo wa mto ambao watu wauhitaji kwa kuteka maji na kupakulia mizigo waliuita harimu ya mto, na wakakataza mtu kuumiliki peke yake au kujenga juu yake. Kwa hivyo wasidhani wasomaji wetu kwamba fikra ya Olmsted ni bidhaa ngeni. Hekima ya namna hii watu wameiokota katika nchi mbalimbali.

Tena yule mkulima wa mbali hakudhulumiwa, kwani alichonunuliwa si tiketi ya kwenda Niagara. Alinunuliwa kanuni: ya kwamba katika nchi yake mna vitu visivyozibwa ua. Leo kanuni hiyo imefanya kazi Niagara, kesho itafanya kazi katika mto ulio karibu na shamba lake. Na ndivyo ilivyotokea, kwani bustani za umma zilizofunguliwa Marekani baada ya hapo zimekuwa maelfu.

Suala la pili ni lile wanaloliuliza wazee wetu walio wakali: je, kupumzika nako ni jambo la maana? Si afadhali mtu akafanya kazi, au akasoma, kuliko kukaa ukingoni kutazama maji? Sisi hatuwatetei wavivu. Mtu ambaye maisha yake yote ni kupunga upepo hana cha kupumzikia, kwa kuwa hakuchoka. Lakini mwenye kufanya kazi siku sita, kichwa chake kimejaa hesabu za duka au mikono yake imekufa ganzi kwa kubeba magunia, huyo akikosa mahali pa kuituliza nafsi yake atatafuta utulivu mahali pengine, na sote twajua mahali pengine hapo ni wapi. Nchi isiyokuwa na mahali pema pa kupumzikia hujaa mahali pabaya, na anayezifunga bustani asishangae vilabu vikistawi.

Watu wa Niagara waliupima uzito wa jambo hili kwa namna ya ajabu. Maji yale yale yanayotazamwa ndiyo yanayozungusha mitambo ya umeme, na kila tone linalopelekwa katika mitambo hupungua katika maporomoko. Basi mwaka 1950 Marekani na Kanada zilifanya mapatano. Wakaandika kwamba katika miezi ya watalii, kutoka Aprili mpaka Oktoba, wakati wa mchana, yasipite juu ya maporomoko maji yaliyo chini ya futi za ujazo 100,000 kwa kila sekunde. Na wakati wa usiku, na katika miezi ya baridi, yasiwe chini ya futi 50,000. Kiasi kilichozidi hapo chaweza kwenda kuzalisha umeme. Maana yake, ndugu zetu, ni kwamba mataifa mawili yenye viwanda vikubwa, yenye kuujua umeme thamani yake, yalikaa kitako yakalikatia jicho la mtazamaji fungu lake la maji, yakaliandika kama yanavyoandikwa mafungu ya mirathi. Tusiwaone kuwa ni watu waliokosa kazi. Walitambua kuwa mtu hahitaji taa na mkate tu.

Lakini hatutaki wasomaji wetu wadhani kwamba twawasifu watu hao bila ya kuwapima. Liko suala la tatu, nalo ndilo zito kupita yote: mtu anaposema kitu fulani ni cha wote, hao wote ni kina nani?

Mtazameni Robert Moses, mtu aliyeongoza baraza la bustani za jimbo la New York kwa miaka mingi. Tangu mwaka 1954 alishika pia uongozi wa shirika la umeme la jimbo. Shirika hilo likataka kujenga hodhi kubwa la maji karibu na mto Niagara, na likaitaka ardhi ya watu wa Tuscarora, ambao ni miongoni mwa wenyeji wa asili wa Marekani. Wenyewe wakakataa kuuza. Kesi ikafika Mahakama Kuu kabisa ya Marekani, na mwaka 1960 majaji walio wengi wakahukumu kwamba ardhi yaweza kutwaliwa kwa malipo. Jaji Hugo Black aliipinga hukumu hiyo, kwa kuwa aliona ni kuvunja ahadi ambayo wenyeji hao waliitegemea. Kiasi cha ekari 550 zikafunikwa na maji. Basi katika mto ule ule ambao tajiri alizuiwa kuziba ukingo kwa jina la umma, masikini naye alitolewa katika ardhi yake kwa jina la umma. Jina ni moja, na matendo yako mbalimbali kama mbingu na ardhi. Mwenye ua wa zamani alikuwa akiuza kitu kisichokuwa chake. Mtuscarora alikuwa akikaa kwake. Asiyeitambua tafauti hii hafai kukabidhiwa mali ya umma, kwani kesho atawapokonya wanyonge huku akisema awatumikia wote.

Na tena tazameni yaliyopita South Carolina, jimbo la kusini mwa nchi hiyo hiyo. Huko bustani za jimbo zilikuwa zimetengwa: nyingi za watu weupe, na chache za watu weusi. Weusi wakashitaki, na mwaka 1963 mahakama ikahukumu kuwa ubaguzi huo haujuzu. Je, serikali ya jimbo ilifanya nini? Ilizifunga bustani zote! Ilizifungua tena mwaka 1964, lakini mahali pa kuogelea na vijumba vya kulala vikabaki vimefungwa kwa muda. Yaani waliona ni bora wote wakose kuliko jirani kupata pamoja nao. Hii ndiyo husuda iliyokomaa, ambayo mwenye nayo hukubali kujinyima mwenyewe ili amnyime mwenziwe. Wala tusiwacheke kwa haraka. Ni mara ngapi twasikia katika miji yetu mtu akisema kuwa hawezi kwenda mahali fulani kwa kuwa siku hizi huenda huko watu wa namna fulani? Neno hilo ni mbegu ya mti ule ule.

Suala la nne na la mwisho ni la utunzaji. Wahenga wametuambia kuwa mali bila daftari hupotea bila habari, na mali isiyokuwa na daftari zaidi ni ile ya umma. Kitu cha mtu mmoja hulindwa na uroho wake. Kitu cha wote hakilindwi na uroho wa mtu yeyote, na kwa hivyo huhitaji kulindwa na tabia za watu. Niagara haikujitunza yenyewe. Sheria ya 1883 iliweka wasimamizi wenye dhamana, na tangu hapo fedha hutengwa kwa ajili ya kulipa wafanya kazi, kutengeneza njia na madaraja, na kuwaokoa wenye kuteleza. Kuingia ni bure, lakini mwenye kuja na gari hulipia mahali pa kuliweka. Twaona hilo ni insafu: mtu asilipie kutazama, bali alipie kile anachokitwaa na kumzuilia mwenziwe, kwani gari moja likisimama hapo jingine halipati nafasi.

Na mgeni naye ana daftari lake, ingawa halikuandikwa karatasini. Achukue takataka zake kama alivyouchukua mkate wake. Asipige kelele za kumnyima jirani utulivu alioufuata. Asiruke vizuizi kwenda kupiga picha mahali ambapo mwokozi atalazimika kuhatarisha maisha yake kwa ajili yake. Asiuvunje mti ambao hakuupanda. Mwenye kuyakiuka haya amejenga ua wa namna nyingine, kwani anayepaharibu mahali amewafungia milango wote watakaokuja baada yake, na yeye hata nauli hakuwatoza wapate kumshitaki.

Sasa turudi kwetu. Sisi hatuna Niagara, lakini tuna bahari. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 62, imeihesabu ardhi iliyo baina ya maji kujaa na maji kupwa kuwa ni ardhi ya umma, na mito na maziwa pia. Kwa hivyo mchanga ule tunaoukanyaga maji yapwapo ni wetu sote kwa sheria. Lakini sheria ya ufuko yafaa nini ikiwa njia za kuendea ufukoni zimezibwa moja baada ya moja kwa kuta na mageti, mpaka mvuvi azunguke mwendo mrefu kwenda kwenye ngalawa yake, na watoto wa mtaa waione bahari kwa kuchungulia? Je, hili si lile tundu la ua wa Niagara? Yatupasa tuulizie njia hizo, tujue zilizoandikwa katika ramani ni zipi, na tudai zifunguliwe kwa njia ya sheria, kwa subira na kwa umoja, kama walivyodai wale tangu 1869 mpaka 1885. Miaka kumi na sita si kidogo, lakini hawakuchoka.

Na mahali palipo wazi tupatunze. Bustani ya Mama Ngina iliyoko Mombasa ilitengenezwa upya mwaka 2019, na jioni utawaona watu wa kila namna wamekaa hapo kupunga upepo, na siku za Idi hapatoshi. Hilo ni jambo jema la kushukuriwa. Lakini atakayepita hapo asubuhi baada ya sikukuu, akazitazama chupa na mifuko iliyoachwa, atatujua sisi ni watu wa namna gani zaidi kuliko atakayetusikiliza tukizungumza juu ya haki zetu. Haki ya kukaa mahali pa wote na wajibu wa kupaacha kama tulivyopakuta havitengani. Mwenye kuitaka ya kwanza na kuukimbia wa pili anampa hoja yule anayesema kwamba watu wa kawaida hawastahili kitu kizuri, na kwamba dawa ni kujenga ua.

Basi jibu letu ni hili. Kupunga upepo ukingoni mwa maji ni haki ya kila mtu, awe na kitu au asiwe nacho, na ni wajibu wa wenye mamlaka kuilinda haki hiyo kwa fedha na kwa sheria. Lakini neno "wote" lipimwe kila linapotamkwa, lisije likawatupa nje walio wachache na wanyonge. Na kila mmoja wetu, anapokwenda mandari na watoto wake, awafundishe mapema kwamba mahali wanapokaa ni pao, na kwa kuwa ni pao, wasiondoke mpaka wameokota walichokiangusha.